Uso Wangu Kwenye Kopo Lako

12 Machi

Mdogo wangu Kijiti,

Nimetoka. Jana asubuhi muuguzi mkuu alifungua ule mlango wa kioo, akanikabidhi mkoba wa dawa mzito kuliko mimi mwenyewe, na shemeji yako akanirudisha nyumbani kwa mwendo wa konokono. Miaka yote hii ninayofundisha watu udereva sijaona mwanafunzi anayeogopa matuta kiasi kile. Njia nzima nilikuwa nakanyaga breki hewani. Gari letu si la mafunzo, upande wangu hakuna breki.

Najua ungependa nipige simu, lakini barua nimezizoea. Tulizianza wakati mdomo wangu umejaa vidonda na siwezi kutamka hata jina lako, nawe uko mbali huko na Mama. Sasa naona kwenye karatasi tunaambiana mambo ambayo kwenye simu tungeyamaliza kwa vicheko.

Nikueleze maisha ya mtu aliyepandikizwa uboho wa mdogo wake. Kila kitu kinachemshwa. Yai liive mpaka kiini kikauke kama chaki. Hakuna saladi, hakuna nyama yenye wekundu ndani, hakuna chakula cha sherehe kilichopita mikono ya watu, hakuna kiporo. Tunda linaoshwa, linamenywa, na mmenyaji ananawa kwanza. Shemeji yako ametenga ubao wa kukatia nyama na ubao wa mboga, na nikichanganya visu ananitazama kama askari wa barabarani. Nilipolalamika kwa mtaalamu wa lishe wa pale hospitali, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, aliniambia, "Mama, hii si adhabu. Una kinga ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga ungempa yai bichi?"

Ladha bado sijaipata, kila kitu kina ladha ya chuma. Ila jioni nilimaliza bakuli zima la wali na supu ya kuku, na shemeji yako akageukia dirishani akajifanya anatazama mvua. Hakukuwa na mvua.

Daktari ameniambia kundi langu la damu litabadilika liwe la kwako. Kwa hiyo nikijikata kidole nikimenya kitunguu, kinachotoka ni wewe. Nimelifikiria jambo hilo mpaka nikashindwa kulala.

Na zile picha ulizonipiga kupitia kioo, ulipokuja kutoa, wakati sina nywele wala nyusi. Sikutaka, unakumbuka. Ukasema, "Dada, siku utakapopona utataka kujua ulikotoka." Nitumie. Nitaziweka kwenye fremu. Ulisema kweli.

Dada yako,
Breki


28 Machi

Dada Breki,

Barua yako nimemsomea Mama mara mbili, ya pili kwa sababu alidai nimeruka mahali. Habari ya visu ilimchekesha mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Nimeona raha. Tangu uugue sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Huku studio imelala. Watu siku hizi kamera ziko mifukoni mwao. Wanaonijia ni wa picha za pasipoti, na hao nao wanataka niwaondolee makunyanzi. Tangu mwaka uanze nimepata harusi mbili, na moja ilivunjika kabla keki haijakatwa. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nina mwenzangu sasa, jamaa anajiita Mkurugenzi ingawa ofisi yake nzima iko ndani ya mkoba. Ni mtu wa virutubisho, tena ana kichwa. Nakutumia kopo moja la poda yake, inaitwa Damu Mpya. Ni mizizi, majani na mbegu, kemikali hakuna. Inaongeza kinga. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi, na utaniambia.

Picha zako hizi hapa ndani ya bahasha. Nawe nitumie mpya. Kaa vizuri, mwanga utoke dirishani, ucheke kidogo. Tena niandikie maneno mawili matatu ya unavyojisikia, kwa mkono wako. Ni kumbukumbu tu, nitayaweka pamoja.

Mdogo wako,
Kijiti

(Mama anasema unywe supu, usimwage.)


15 Aprili

Mdogo wangu,

Picha nimezipata, ziko sebuleni. Kopo nalo limefika. Nilifurahi, halafu nikafanya kama nilivyoagizwa: chochote ambacho hospitali haikunipa, nikionyeshe kwanza. Mtaalamu wa lishe aliligeuza, akasoma yote yaliyoandikwa, akaliweka mezani taratibu.

"Umeshainywa?"

"Bado."

"Nani amekupa?"

"Mdogo wangu. Ndiye aliyenitolea uboho."

Akatabasamu. "Basi anakupenda. Lakini hii hapana."

Kijiti, naomba haya uyasome polepole, maana umesema ni biashara ya mwenzako na watu wataitumia. Kinga niliyonayo sasa ni yako, ni mgeni mwilini mwangu. Ikiamka vibaya inaitazama ngozi yangu, ini langu, matumbo yangu, inasema hapa si kwetu, inaanza kubomoa. Ndiyo maana nameza vidonge vya kuilaza, na kila kliniki wanapima damu waone kama vimekaa kiasi. Poda inayojisifu kuongeza kinga inataka kumwamsha yule ambaye daktari anambembeleza alale. Tena kuna mizizi inayokizuia kidonge kisifanye kazi, na mingine inayokizidisha kikawa sumu, na humo koponi hakuna ajuaye kuna nini. Poda isiyopikwa huweza kuwa na ukungu pia. Wewe ukiumeza husikii kitu, mimi utanishukia mapafuni. Yule dada alimalizia kwa kusema, "Usimwamshe aliyelala, utalala wewe." Hata vitamini za kawaida kabisa ananipangia yeye.

Kwa hiyo kopo nimemwachia alitupe. Usinikasirikie. Ila mwambie huyo Mkurugenzi asimpe mtu aliyepandikizwa, wala anayetibiwa saratani. Mwambie vile vile nilivyoandika.

Picha uliyoomba hii hapa. Ameipiga shemeji yako, kwa hiyo usitafute ufundi. Nywele zimeanza kuota. Maneno nimeyaandika nyuma yake. Nimelia kidogo nilipoyaandika, ndiyo sababu ya doa lile.

Dada yako,
Breki


20 Mei

Dada Breki,

Nisamehe kwa kukawia, kazi imechangamka mno. Nimepaka studio rangi, nimeweka taa mpya, na Mama amepata miwani. Sasa anasoma gazeti na kunisimulia ajali zote za dunia kabla sijanawa uso.

Picha ni nzuri sana. Ukiiweka na ile ya kioo, mtu hawezi kuamini ni yule yule.

Habari za poda nimezisikia. Mkurugenzi anasema watu wa hospitali siku zote huogopa kisichotoka kwao. Lakini wewe kula unavyoambiwa, usihangaike na hayo. Nimekutumia sufuria ya mvuke ya ghorofa tatu. Mwambie shemeji aache kuchemsha mboga mpaka zinasahau rangi yao.

Kijiti


9 Julai

Kijiti,

Nitakusimulia kama ilivyotokea, bila kuongeza.

Jumatatu nilikuwa kliniki kwenye benchi la kungojea kutolewa damu. Pale sote tunavaa barakoa, hatujuani kwa sura, tunajuana kwa kofia na macho. Niliposhusha yangu nipate kunywa maji, mwanamke aliyekaa upande wa pili alinyanyuka, akaja akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, ngozi inabanduka. Ni mwalimu wa chekechea. Alipandikizwa baada yangu, aliyemtolea ni kaka yake.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye wa Damu Mpya."

"Wa nini?"

"Usinifiche, mwenzangu. Wewe ndiye uliyenitia moyo. Chakula kilikuwa hakipiti. Mume wangu alipoleta kopo nikaona uso wako, nikasoma maneno yako, nikamwambia huyu alilala kitanda kama changu, tazama alivyo sasa. Nikaanza siku ile ile."

Mumewe ni fundi umeme, mtu mpole, anazungumza kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuwa na kopo kwenye mfuko. Walilileta ili daktari alione, kwa sababu ya ngozi na kuhara kusikokoma. Mwalimu alikuwa amemficha daktari habari za poda wiki kadhaa, akihofia kugombezwa.

Nililipokea. Upande mmoja ni mimi nyuma ya kioo, bila nyusi. Upande wa pili ni mimi dirishani kwangu, nacheka. Katikati, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nilikuwa nimeshakata tamaa. Kilichonirudishia uhai kilitoka kwa mdogo wangu. Leo nakula, nalala, nacheka. Asante." Na chini, kwa herufi nyekundu: Damu Mpya.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi poda hii sijawahi kuionja."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke, ajue namtania. Mumewe ndiye aliyekaa chini. Alisema, "Lakini mimi ndiye niliyeinunua," akarudia tena, kama vile kuna mtu aliyembishia.

Mwalimu amelazwa siku ile ile.

Sitakuuliza kwa nini ulichukua uso wangu bila kuniambia. Nakuuliza jingine. Barua yangu ya Aprili uliisoma? Maana maneno hayo na onyo vilikuja kwenye bahasha moja. Nilikuandikia poda hiyo itamfanya nini mtu kama mimi. Uliyasoma yote, ukayachukua ya nyuma ya picha, ukayaacha ya kwenye karatasi.

Toa makopo hayo madukani. Tafuta kila uliyemuuzia. Na unijibu kwa barua. Kwenye simu utanichekesha, na mimi sitaki kuchekeshwa.

Dada yako


18 Julai

Dada,

Umeniandikia kama hakimu. Hata salamu ya Mama umeisahau.

Mimi sikuandika uongo. Maneno ni yako, mwandiko ni wako. Umesema kilitoka kwa mdogo wako. Mimi si mdogo wako? Kama msomaji ameelewa vingine, hilo ni lake. Na huyo mwalimu amejuaje kuwa ni poda? Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia watu wa kupandikizwa hutoka vipele bila sababu. Wengi wameinywa na wanakuja kununua tena.

Barua ya Aprili niliisoma. Nilimpa na Mkurugenzi aisome. Alisema kila dawa ina watu wake wa kuitilia shaka. Ungetaka nifanyeje, dada? Nifunge studio nikalale? Ulipougua nyumba hii yote ilisimama. Niliacha kazi nikaja. Nilichomwa sindano za kuzalisha seli mpaka mifupa ikaniuma kama nimepitiwa na lori. Nililazwa kando ya mashine, damu inatoka mkono huu inaingia mkono ule, na sikusema ninaumia. Sikudai kitu. Nimechukua picha mbili tu. Na bila mimi usingekuwa na huo uso unaoulilia.

Tusigombane kwa ajili ya watu baki. Mkurugenzi amekubali tuandike kwa chini, kwa herufi ndogo, kwamba mgonjwa amwone daktari kwanza.

Kijiti


26 Julai

Mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa kuwa sasa nina miwani. Mwandiko usiutazame.

Mdogo wako hali chakula vizuri, amekonda, akiitwa haitiki mpaka aitwe mara mbili. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Haya, mimi mama yenu nitakwenda kulima wapi?

Ninayejaza makopo ni mimi, hapa hapa mezani, kwa kijiko cha mbao. Nilijua ni dawa njema kwa kuwa nawe umepona. Watu wakija nawaonyesha kopo nawaambia huyu ni mwanangu wa kwanza. Wengine wananishika mkono. Mwanangu, nimekaa miezi mingapi nikiogopa simu ikilia? Niache nami nifurahi kwamba uso wako unawasaidia watu.

Na suala la picha usimlaumu mwenzio. Ni yule Mkurugenzi aliyemwambia, hata kabla hajapanda basi kuja kukutolea: ukifika mpige akiwa taabani, tena karibu, ili baadaye tofauti ionekane. Kijiti hakupenda. Alisema dada hatakubali. Basi alijaribu tu kukuomba, nawe ukakubali. Kwa hiyo hakukuibia.

Mkono ukikosea haukatwi. Nyinyi sasa mna damu moja kuliko hata nilivyowazaa. Nyamaza, mambo yapite.

Mama yenu


3 Agosti

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika na mwandiko unasomeka vizuri. Naomba usijaze kopo jingine. Wewe hukujua, na sitaki ujilaumu, lakini sasa nakuambia mimi niliye kwenye picha: sikunywa hata kijiko. Waliokushika mkono waambie hivyo. Ukishindwa kuwaambia, usiwafungulie mlango.

Kuhusu picha, hilo sikulijua. Nilikuwa nikidhani alikuja kunitolea, halafu akaona dada yake amelala pale, akashika kamera kwa uchungu. Usiku ule wa kwanza baada ya seli zake kuingia, nilikuwa natetemeka, nikawa najiambia, angalau mdogo wangu ameniona nilivyo na hakukimbia. Kumbe kamera ilikuja na kazi yake.

Nimeziondoa ukutani. Shemeji yako aliniuliza kwa nini, nikampa barua yako aisome. Alikwenda jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Mwanao


2 Septemba

Kijiti,

Nina mambo mawili, na yamekutana vibaya.

La kwanza. Nimekwenda na yule fundi umeme mpaka ofisi inayosimamia vyakula na dawa. Nimeeleza kwamba uso ni wangu na maneno ni yangu, lakini sikuyasema kwa ajili ya poda. Nimetaja jina la studio yako. Nilikaa kwenye kiti cha ofisi ile kwa muda kabla sijalitaja, na fundi umeme hakuniharakisha.

Kliniki nako tumebandika tangazo, mtaalamu wa lishe na mimi. Lina picha yangu bila barakoa, na linasema: "Mimi ndiye niliye kwenye kopo la Damu Mpya. Sijawahi kuinywa. Nimefika hapa kwa uboho niliopewa na mdogo wangu, kwa dawa za hospitali, na kwa chakula kilichoiva. Kama unainywa hii au nyingine yoyote, acha leo umwambie daktari. Hatakugombeza." Tangu libandikwe, watu sita wamefungua mikoba yao wakamwonyesha muuguzi. Mmoja alikuwa na makopo ya aina tatu.

La pili. Majibu ya vipimo si mazuri. Seli zako mwilini mwangu zimepungua, zangu za zamani zinarudi. Ugonjwa haujaonekana, lakini daktari anasema huo ndio mlango unaopitia. Huenda akahitaji seli zaidi, tena lazima ziwe za mtoaji yule yule. Hospitali itakupigia. Nimeona uzisikie habari hizi kwangu kwanza.

Sikuombi kama fidia, wala sisemi ukija nitakuwa nimesahau. Nakuuliza tu, utakuja au hutakuja?

Dada yako


11 Septemba

Dada,

Hospitali wamepiga. Nimewaambia nitawajibu.

Sikatai. Nimekataa lini? Lakini jiweke mahali pangu. Watu wa ofisi hiyo wamekuja hapa, wamebeba makopo, wamemhoji Mama kama mhalifu, mwanamke wa umri ule. Mkurugenzi hapokei simu. Majirani wananichungulia. Halafu unataka nipande basi nije nilale kwenye kitanda cha hospitali ambamo umenibandika ukutani kama mwizi? Wauguzi watanitazamaje?

Tufanye hivi. Litoe lile tangazo, na uende ofisini ukaseme hukunielewa, kwamba ni ugomvi wa nyumbani. Siku utakayofanya hivyo, kesho yake niko hapo na mkono nimeukunjua. Ni maneno tu, dada. Mimi natoa uboho, wewe toa karatasi.

Wema hauozi, lakini nao unahitaji kutunzwa.

Kijiti


22 Septemba

Kijiti,

Nilizika kabla sijaijibu barua yako. Mwalimu amefariki Jumapili. Matumbo hayakupona tena. Daktari alikuwa mwangalifu, hakusema ni poda peke yake. Alisema poda ilikuta nyumba ina nyufa. Watoto wa chekechea walikuja na wazazi wao, na mmoja aliuliza kwa sauti kama mwalimu ataamka wakiimba. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Sikutaka mtu anitambue.

Tangazo linabaki. Ofisini sirudi kusema uongo.

Shemeji yako amenisihi nikubali. Ni mara ya kwanza kumwona akipiga magoti, na ni mtu ambaye hapigi magoti hata akitafuta kiatu chini ya kitanda. Alisema, "Toa karatasi, pokea seli, halafu ukishapona ibandike tena." Nilimwambia kwamba atakayekaa kwenye benchi siku hizo tangazo litakapokuwa halipo, naye ana mume.

Nimemwambia daktari mtoaji hapatikani. Usije.


30 Januari

Dada Breki,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Studio imefungwa, taa nimeziuza. Mkurugenzi hajulikani aliko. Kesi imeahirishwa tena, na wakili anasema huenda nikatozwa faini tu. Siku hizi napiga picha za wanafunzi mashuleni, darasa zima kwa mkupuo mmoja, na daima kuna mmoja aliyefumba macho.

Shemeji alimwambia Mama kwamba unaendelea vizuri. Mama alikaa sakafuni akalia, nami nikatoka nje. Nimefurahi, dada. Amini usiamini.

Nimekumiss. Sina wa kumwandikia mambo ya kijinga. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nataka nije nikuone, hata kwa siku moja. Kamera nitaiacha.

Mdogo wako,
Kijiti


12 Februari

Kijiti,

Ni kweli, naendelea vizuri. Ulipokosekana, daktari alijaribu njia nyingine. Alivipunguza vile vidonge vya kulaza kinga, kidogo kidogo, akiniita kila wiki, ili seli zako chache zilizobaki ziamke zijipiganie zenyewe. Aliniambia wazi kwamba zinaweza kuamka zikanigeukia. Mikono ilitoka vipele, nikaitazama usiku kucha nikiona viganja vya Mwalimu. Halafu vikapungua. Mwezi uliopita vipimo vilionyesha zimerudi na zimeshika. Hata mtaalamu wa lishe amelegeza kamba: juzi nimekula nyanya mbichi, imeoshwa mara tatu na shemeji yako, na nimeisikia ladha yake. Wiki hii nimerudi kazini. Mwanafunzi wa kwanza aligonga pipa la takataka, na nikamshukuru bila yeye kujua kwa nini.

Uliniambia bila wewe nisingekuwa na uso. Ni kweli, na sitaikana. Kila nikitolewa damu natazama chupa ile ikijaa na najua ilikoanzia. Lakini ilikuwa yako siku ilipotoka mkononi mwako. Tangu hapo nailisha mimi.

Mimi pia nimekukumbuka. Nakuandikia hilo ili usidhani nina moyo wa jiwe. Kuna siku kitu kinanichekesha barabarani, naanza kukitungia sentensi ya kukuandikia, halafu nakumbuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umetaja studio, taa, wakili, Mama, mimi na wewe. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja humo, sikumwona. Hata kwa neno moja, Kijiti. Unasema yaliyopita si ndwele. Kwangu labda. Kuna nyumba ambamo hayajapita.

Kwa hiyo usije kwangu. Nenda kwanza kwa yule fundi umeme. Anwani yake nimeiandika chini. Ni nyumba ya mwisho, mlango wa kijani, na ngazi zina viatu vidogo vya watoto wawili. Nimemwambia huenda ukaja. Hakusema atakupokea, wala hakusema hatakupokea. Kengele ameikata tangu msiba, kwa hiyo gonga kwa mkono, ungoje. Akifungua, mwambie wewe ni nani.

Dada yako